Sauti Kwenye Kompyuta Isiyo na Spika

Kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza, feni yake ilivuta pumzi kabla ya kuanza kuzunguka.

Mpiga chapa aliisikia. Mumewe hakusikia kitu. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza akihangaika na nyaya na kusifia alichonunua. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya bei chee, iliyokwisha kutumika kwenye ofisi za watu. Alikiri kwamba ilikuwa nzito kama gunia la mawe, na kwamba mpaka iwake mtu angekuwa ameshaosha vyombo na kuvifuta. Haikuwa na kamera wala spika, na umeme ukikatika inazima palepale na kazi yako yote. Lakini kioo chake kilikuwa kipana, hakichoshi macho, na vitufe vyake vinene vilibonyezeka kwa raha. Tena kikiharibika kitu, fundi anafungua boksi kwa bisibisi, anatoa kibovu anaweka kizima. Kwa barua za watu na maombi ya kazi, aliuliza, unataka nini zaidi?

Hakusema sababu yenyewe. Tangu wamzike binti yao, mkewe hakuwa amegusa kazi.

Binti huyo walimwita Kasuku. Alijifunza kusoma akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, akitamka kila neno lililotokea kwenye kioo, na kila "r" akiigeuza "l". Barua ya wakili ikawa balua ya wakili, na wateja wakacheka hadi wakashika mbavu. Kifua kilimwandama tangu uchanga. Mwisho kikamshinda.

Kazi ya kwanza kwenye kompyuta mpya ilikuwa tangazo la mwenye nyumba kwa wapangaji wake. Ilikuwa mchana, mume kazini, mdogo wake Kasuku, bado mchanga, amelala. Mpiga chapa akaandika: Habari zenu.

"Habali zenu," kikasema kisauti ndani ya boksi.

Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Akainama, akaweka kiganja kwenye boksi. Lilikuwa la moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na matundu yake yalitoa harufu ya mafuta ya kuchua kifua.

Fundi aliitwa. Akafungua, akapuliza vumbi, akamwonyesha kila kipande. Alimwambia kwa upole kwamba humo hamna kitu kinachoweza kutamka neno, na kama ni kelele, feni za mashine rahisi ndivyo zilivyo, zinakoroma. Mpiga chapa akamshukuru, akamsindikiza mlangoni, akarudi mbio kwenye kiti.

Hakumwambia mumewe. Majirani walifurahi kusikia vitufe vikilia tena kutwa nzima, wakasema afadhali, mwenzetu amerudi. Hawakujua kwamba hakuwa akiandika kazi ya mtu. Aliandika maneno yenye "r" peke yake. Rangi. Furaha. Rudi.

"Ludi," kisauti kilisema, naye akalia huku akitabasamu, akaliandika tena.

Kisha kikasema kitu ambacho hakukiandika.

"Mama, huku giza. Mlete mdogo wangu."

Alimleta. Akatandika mkeka kando ya boksi, akamlaza mwanawe mchanga pale penye joto, akaendelea kuandika, na siku zikapita hivyo, yeye akisahau kula na kuchana nywele, mpaka alasiri moja ya mvua mumewe aliporudi mapema na kukuta nyumba nzima inanuka mafuta ya kuchua, mkewe ameegemeza shavu kwenye boksi akinong'ona, na mtoto mkekani midomo imeanza kuiva rangi ya zambarau, kifua chake kikipanda feni ikivuta na kushuka feni ikitoa, kikikoroma kama kilivyokoroma kile kifua kingine walichokesha nacho, mume akarukia ukutani akachomoa waya, akasimama na plagi mkononi, na feni ikaendelea kuzunguka.

Akambeba mtoto, akamvuta mkewe kwa mkono, akamwita shangazi yake, aliyekuwa akitibu watu wenye majini. Shangazi alisikiliza mlangoni kwa muda mrefu bila kuingia.

"Huyo si mwanenu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Amepata pa kukaa kwa sababu anaitwa mwana."

"Mtoe," mume alisema.

"Naweza kumsomea mpaka kesho, hatatoka. Aliyemkaribisha ni mkeo." Akamgeukia mpiga chapa. "Mwambie mwanao yuko wapi, mama. Useme kwa mdomo wako."

Neno hilo hakuwahi kulisema. Siku ya mazishi walimsemea wengine. Alimtazama mwanawe mikononi mwa mumewe, akisikia pumzi yake ikifuata feni, akapiga magoti mbele ya boksi.

"Mama, usiseme," kisauti kililia.

"Mwanangu amekufa." Akaendelea. "Nilimshika mkono mpaka ukapoa. Nilimwosha mwenyewe. Wewe si yeye. Toka."

Boksi likatikisika, na kwa sauti ya Kasuku likamwaga kila kitu chake, kicheko chake na kikohozi chake, wimbo aliokuwa akijiimbia bafuni, namna alivyokuwa akiita "mama" akitaka maji, akitaka kubebwa, akiogopa, na mpiga chapa akavisikiliza vyote bila kunyoosha mkono, mpaka kikabaki kilio kisicho cha mtu wala mnyama. Kisha harufu ikampita usoni, ikatoka mlangoni. Feni ikasimama. Mtoto akalia kilio kizima, cha kifua safi.

Fundi aliikagua tena kompyuta, akaikuta haina tatizo. Inachelewa kuwaka kama zamani, na inafanya kazi.

Jioni ile, mtoto akiwa amelala vizuri, mpiga chapa alikaa karibu na mumewe.

"Alikuwa akiniitaje?" aliuliza.

"Nani?"

"Kasuku. Nakumbuka maneno. Sauti siipati."

Mume akafungua mdomo amwigizie. Akangoja ije. Kisha akaufunga, akamshika mkewe mkono, maana hata yeye hakuwa nayo tena.