Elise na Bilonda ni mtu mmoja

Asubuhi mama Bilonda alifagia lupango, uwanja wa nyumba yao, akaosha sahani, akatwanga sombe, majani ya muhogo. Mume wake, tata Banza, alikuwa amekwisha kwenda mugodini. Walikaa mtaa wa Kapata, katika nyumba ya kampuni ya mugodi. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na miguu ilikuwa imevimba.

Mtoto wa kwanza alimfia tumboni. Wa pili alitolewa kwa operesheni. Kwa hiyo muganga wa hospitali alimwambia wazi: huyu wa tatu asizaliwe nyumbani. Bilonda aingie hospitali ya kampuni mapema, kabla uchungu haujaanza. Ilihitajika karatasi moja tu, ya kuingilia, kutoka ofisi ya kampuni.

Hapo taabu ikaanza. Mwaka huo, 1972, serikali iliamuru watu waache majina ya kizungu. Zamani Bilonda aliitwa Elise. Commune, ofisi ya serikali ya mtaa, ilimpa karte mpya ya kitambulisho yenye jina la Bilonda, jina la nyanya yake, naye alilipenda. Lakini katika kitabu cha kampuni, mke wa Banza alikuwa bado Elise.

"Elise njo mimi," alimwambia karani wa kampuni.

"Karte yako inasema Bilonda," karani alijibu bila kuinua macho. "Mi siwezi kulaza mutu mwenye haiko mu kitabu."

Akamtuma commune. Kule karani mwingine akasema kazi yao iliishia kwenye karte. Kampuni ibadilishe kitabu chake yenyewe. Akarudi kampuni. Wakamwambia wanangojea orodha kutoka commune. Akarudi commune. Wakasema hakuna aliyewaomba orodha. Safari ya nne aliketi kwenye ngazi za ofisi, akavua viatu. Hakulia. Hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

Jirani yake, mama Ngalula, alikuwa mkunga wa dispensari. Alimwona akirudi polepole, akamkaribisha kiti, akasikiliza yote. Hakushangaa. Wanawake wengine walikuwa wamemwambia mambo hayo hayo.

"Kila ofisi inafanya kazi yake," alisema. "Kazi ya katikati njo haina mwenyewe. Huyu anangojea mwenzake, na mwenzake anamungojea."

Akamweleza la kufanya. Asiombe tena wabadilishe kitabu. Aombe commune hati moja, inayosema kwamba Elise na Bilonda ni mtu mmoja. Apeleke karte mpya, karte ya zamani na cheti cha ndoa. Aombe nakala mbili zenye muhuri. Moja aiache kwa kampuni. Nyingine karani aitie sahihi na tarehe, kisha Bilonda arudi nayo nyumbani.

Bilonda alikasirika kidogo. Kwa nini yeye, na tumbo lile, awafanyie watu wa ofisi kazi yao?

"Kweli, mama, ni kazi yabo," Ngalula alisema. "Lakini tumbo ni yako."

Kesho yake Banza aliomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja. Karani wa commune aliandika hati mara moja. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwomba hati ya namna hiyo. Karani wa kampuni aliisoma mara mbili, akaandika "Bilonda" kando ya "Elise", akatia sahihi. Kisha akatoa karatasi ya kuingilia.

Bilonda alilala hospitali siku kumi na tisa. Wakampasua, wakamtoa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa.

Baadaye Ngalula aliwafundisha wanawake wote waliokuja kupima mimba. Siku moja, kumi na mmoja wao walikwenda commune pamoja, kila mmoja na karte zake mbili. Karani aliandika mpaka vidole vikamuuma. Akaweka kalamu chini, akauliza ofisi ya kampuni iko wapi, akachukua daftari la majina mapya, akalipeleka mwenyewe.

Ulikuwa mwendo wa dakika ishirini.