Hasira Zilizoanza Siku ya Skuta

“Toka karakanani kwangu, Chachu! Nimesema toka!”

Kioo kilikuwa kimepasuka chini, kati yangu na yeye. Hakukirusha, kilimponyoka. Lakini sauti ile sikuijua. Mchumba wangu, fundi vioo, mtu wa kunong’ona hata akitania, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Chachu ni jina alilonipa yeye, kwa sababu ninaoka mikate.

Nilitoka. Kabla sijafika kazini, ujumbe ukaingia:

“Tuvunje uchumba. Tafuta mwingine. Usinipigie.”

Nikapiga. Alipokea mara ya nne.

“Kuna mwanamke mwingine?”

“Hakuna.”

“Basi kuna nini?”



“Baba alimpiga mama miaka kumi na miwili. Alianza na kelele hivi hivi. Sitaki yakukute yaliyomkuta mama.”

Akakata simu.

Nilipofika kazini, nilikaa juu ya gunia la unga nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikajipangusa nguo, nikaenda moja kwa moja kwa mama yake.

“Ameanza lini ukali huu?” mama akaniuliza.

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nikahesabu nyuma. Wiki tano zilizopita alikuwa juu ya skuta ya umeme, hizi za kusimama, kichwa wazi bila kofia, akagongana na baiskeli kwenye kona. Alishonwa nyuzi sita juu ya jicho, mkono uliovunjika ukafungwa plasta, akaambiwa arudi baada ya wiki. Mimi aliniambia alirudi na kila kitu ni salama.

“Tangu siku ile, mama. Kichwa kinamuuma, anasahau vipimo. Mashine ya kusaga kioo ikiwaka anakimbia nje.”

“Nipe viatu vyangu.”

Tulimkuta amekaa gizani, mapazia yameshushwa mchana kweupe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kadi ya hospitali iko wapi?”

Akaonyesha droo. Kadi ilikuwa na tarehe tatu za miadi, na hakuna hata moja iliyogongwa muhuri.

“Na plasta alikutoa nani?” nikauliza.

“Mwenyewe. Kwa mkasi wa bati.”

“Mungu wangu! Wewe ni mtu au dirisha?”

“Kazi angefanya nani? Na huko hospitali wangeniambia nini? Kwamba nimekuwa baba?”

Mama akamshika kidevu kama mtoto.

“Nisikilize. Baba yako alikuwa mkali kabla sijakuzaa, na hakuwa amegongwa na kitu. Wewe umekuwa mkali tangu siku ya skuta. Usichanganye damu na jeraha, mwanangu.”

Mchumba wangu akaanza kulia. Mimi sikulia tena.

“Kesho saa mbili asubuhi nakufuata,” nikamwambia.

“Si tumeshavunja uchumba?”

“Tuliufunga wawili. Huwezi kuuvunja peke yako kwa simu.”

Kesho yake daktari, mama mmoja wa maneno machache, alimtaka afuate kidole kwa macho, kisha asimame kwa mguu mmoja. Akayumba. Akapelekwa kupigwa picha ya kichwa na ya mkono.

“Damu haijavuja kichwani, mshukuru Mungu,” daktari alisema. “Lakini ubongo ulitikisika, na hukuupumzisha. Maumivu, kusahau, hasira, vyote vinatoka hapo. Mkono nao umeunga, ila umekakamaa.”

“Kwa hiyo si mimi ninayemfokea huyu?”

“Ni wewe. Hasira ni sehemu ya jeraha, lakini si ruhusa. Ikipanda, ondoka chumbani, upumue. Na miadi yangu usiikose hata moja.”

Haikuwa mteremko. Kazi ya vioo akaiacha kwa muda, akafundishwa mazoezi ya mkono. Nikamleta jikoni kwangu anikandie unga taratibu, akilalamika kwamba ninamtumikisha bure. Wiki ya tatu akanigomea.

“Leo siendi! Nimechoka kupimwa kama kioo!”

“Vaa viatu.”

“Chachu, usinisukume!”

Sauti ilipanda. Nikamtazama tu. Akafumba macho, akatoka uani, akakaa huko kama dakika kumi. Aliporudi, viatu alikuwa ameshavaa.

“Nisamehe,” akasema kwa sauti yake ile ya kunong’ona. “Twende, tutachelewa.”

Mwezi wa nne wa matibabu, daktari alimpima tena. Alisimama kwa mguu mmoja imara, mkono ukageuka vizuri. Akaruhusiwa kurudi karakana nusu siku. Muuguzi akafungua daftari la miadi.

“Tukuone Jumamosi, tarehe kumi na nne?”

“Siku hiyo siji,” mchumba wangu akajibu.

Nikajua ameanza tena kukimbia.

“Kwa nini huji?” nikamuuliza kwa ukali.

“Naoa.”

Muuguzi akaacha kalamu. Daktari akainua uso.

“Unamwoa nani?” nikauliza.

“Wewe. Mama nimeshamwambia. Nilitaka daktari aseme kwanza niko sawa, ndipo nikuulize. Unakubali?”

Nilimtazama mpaka akaanza kutokwa jasho. Kisha nikamgeukia muuguzi.

“Andika Jumatatu ya tarehe kumi na sita, dada. Nitamleta mume wangu mwenyewe.”