Mawese Ndani ya Mupira

Kama uko unakula, malizia kwanza, njo usikilize. Na kama mu sahani kuko mawese, isukume pembeni.

Mafuta ya bowling haina rangi. Idrissa alijua ile vizuri, juu mwaka muzima alikuwa anatumika kule Lilongwe, mu nyumba moja kwenye batajiri banaendaga kutupa mupira. Banapakaga mafuta ku mbao ya chini ili mupira iteleze, na ile mupira, nzito sawa mutoto wa myezi sita, inakunywa ile mafuta pole pole mupaka inalewa. Ukiitupa inaenda tu mbele, haikate kona tena. Mafuta yenyewe iko sawa mayi. Haina hata harufu.

Basi ile yenye ilitoka mu mupira pale Dzaleka, camp ya bakimbizi kwenye alikuwa anaishi, saa sita ya muchana, jua ikiwa juu ya kichwa, ilikuwa nyekundu.

Mupira ilikuwa ya muzee moja wa Capital Hill, kwenye maofisi ya serikali, muntu wa tai. Patron wa ile kazi alimuita Idrissa, akamuwekea ku mikono.

"Hapa mashini ya mayi ya moto imekufa. Beba hii ku nyumba, utoe mafuta, uirudishe Ijumaa. Ikirudi inakata kona, unaachana na viatu."

Kazi ya Idrissa ilikuwa kupuliza dawa mu viatu yenye bacheza banakodi, viatu yenye kunuka miguu ya Lilongwe muzima. Akasema zikomo, asante ya kule, mara tatu. Akaitia mupira mu mufuko wa muchele, na alipofika njia ya camp, kijana wa kabaza, mwenye anabebaga bantu na baiskeli, akaangalia ule mufuko unaning'inia ku kinga, akacheka.

"Bro, umebeba kichwa ya nani?"

Idrissa naye akacheka.

Ku nyumba alikuwa anakaa na mama yake, Salima, bantu ba Maniema benye walikuwa na duka kule Baraka, Congo, pembeni ya ziwa, mbele ya vita. Mama Salima alikuwa muosha maiti. Mwanamuke ao mutoto Muislamu akifa mu camp, yeye njo banaitaga. Baseni yake ya kuoshea, kubwa, ya aluminiyo, ilikuwa inatundikwa nyuma ya nyumba, na hakuna muntu alikuwa anaigusa.

Kulikuwa pia Faraja, ao tuseme hakukuwa. Mutoto wa mwisho. Alipotea ku ziwa akiwa na miaka ine, ile usiku bakikimbia Baraka. Mama alipanda boti ya kwanza na mizigo, Idrissa akafuata na Faraja mu boti ya pili. Idrissa alifika ngambo peke yake. Akamuambia mama: "Boti ilikuwa imejaa, mama moja wa boti ingine akamupokea, boti ikaenda naye." Miaka nane sasa. Kila mwaka Mama Salima anapeleka picha kwa bale banatafutaga bantu benye kupotea, na kila Idi anamushonea Faraja robe, gauni ya sikukuu, kila mara kubwa kidogo. Ile ya sasa, iliyokunjwa juu ya sanduku, ilikuwa ya musichana wa miaka kumi na mbili.

Idrissa hakuwahi kuiangalia ile robe vizuri.

Siku ya Tatu, Jumatano, saa sita, mama akiwa ku robine anateka mayi, Idrissa aliwasha mbabula, jiko ya makala, akachemsha mayi kidogo, isifike kutokota, juu mupira inaweza kupasuka. Ndoo yao ilikuwa na tundu. Akazunguka nyuma ya nyumba akafungua ile baseni. Akaziba matundu tatu ya bidole na skochi ya gundi, akatia sabuni, akazamisha mupira. Skochi ikabanduliwa na moto mara moja.

Mama akamukuta pale, bidon ya mayi ku kichwa. Idrissa akangoja matusi. Lakini mama aliangalia tu namna anamwaga mayi, akatikisa kichwa.

"We unaosha gari ao?"

"Mama, ni mupira."

"Naona. Iko na macho mbili na kinywa. Mayi itaingia."

Akakaa ku kiti yake ya mbao. Akatoa pamba mu mufuko wake wa kazi, akaiviringisha, akaziba tundu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akashika kikombe. Akamwaga kuume, akamwaga kushoto, akapitisha mukono pole pole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na midomo yake ilikuwa inatembea.

"Mama, unaisomea?"

Mukono ya mama ikasimama. "Astaghfirullah. Mukono yangu inajua njia moja tu."

Wakacheka mupaka mama akafuta machozi. Njo ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja.

Juu pale pale mayi ikaanza kugeuka. Kwanza nyuzi moja nyekundu, kisha mbili, kisha juu ya baseni yote ikalala mafuta nzito, inangaa. Jirani, Mama Orpa wa Fizi, akatokeza kichwa juu ya luko yenye kugawa nyumba zao.

"Mama Salima! Munapika sombe bila kuniita? Hiyo ni mawese ya kwetu, pua yangu haidanganyiki!"

"Hatupike kitu, Mama Orpa."

"Banyimi nyinyi! Basi munapaka mu nywele?"

Pamba moja ikaruka inje, kisha zote, puu, sawa mutoto anatema mayi. Kisha kikatoka kikohozi. Kidogo, cha mutoto mwenye amekunywa vibaya.

"Mutoto wako anakohoa," Mama Salima akasema.

"Bangu bote bako ku masomo, mama," Mama Orpa akajibu, na pole pole kichwa chake kikashuka nyuma ya luko.

Harufu ya mawese ilikuwa imejaa luvanda, ile kiwanja ya nyumba, yote. Idrissa aliijua ile harufu, na haikuwa ya chakula. Akataka kuitoa mupira haraka, akaitupe mbali, kazi na ikufe. Akaingiza bidole tatu mu matundu ili aiinue, na mule ndani, kwenye ilipaswa kuwa plastiki tu, kitu kikamushika. Kidogo. Baridi, na mayi ilikuwa moto. Kikamushika bidole tatu sawa vile mutoto wa miaka ine anashikaga mukubwa akivuka njia.

"Yaya," sauti ikasema kutoka mu mupira, "mukono yako inateleza."

Akapiga kelele, akavuta mukono, mupira ikaanguka mu baseni. Mama Salima alikuwa amesimama, uso imekuwa majivu. Dunia yote kulikuwa muntu moja tu mwenye alimuitaga Idrissa yaya, kaka mukubwa.

"Faraja?" mama akauliza, pole, sawa muntu anaogopa kuamusha mulalaji.

"Mama," sauti ikajibu. "Mayi imepoa."

Kutoka ile saa mama hakuondoka pa baseni. Alichemsha mayi, akamwaga, na kila akimwaga mafuta ilikuwa inatoka zaidi, na kila mafuta ikitoka sauti ilikuwa inasema imepoa, mama, imepoa, na mama alikuwa anaongeza makala, na makala ilipoisha akachoma kiti yake ya mbao, kisha akachoma etajeri ya kuwekea vyombo, kisha Siku ya Ine, Alhamisi, akaangalia mulango sawa kuni, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imeanza kuvuka sawa nyanya yenye kuingia mu mayi ya moto, naye hakusikia maumivu, alikuwa anainama tu na kunongona.

"Uko wapi, mama yangu? Nani anakulisha?"

"Imepoa."

"Yule mama alikupokea, anakupenda?"

"Inateleza."

Akageuka. "Idrissa, inateleza njo nini?"

"Sijui, mama."

"Wewe njo ulikuwa naye."

"Sijui, mama," Idrissa akasema, na ndani ya baseni kitu kikacheka kidogo, na kile kicheko haikuwa cha mutoto.

Saa tisa Idrissa akakimbia kumuita Muzee Yakubu, mufanya biashara wa zamani wa Kindu, mwenye anasomeaga bagonjwa. Akakuja na chupa moja ya mayi. Alinusa, akaangalia mikono ya mama, akaangalia ile pamba.

"Mama Salima. Mwenye iko humu si mutoto wako."

"Ananiita mama."

"Jini ya mayi hana sauti yake. Anavaa sauti ya bale walizama bila kuoshwa, bila kuombewa. Uliosha kitu chenye si maiti, ukamufungulia mulango. Sasa anakula moto yako. Mbao ikiisha atakula wewe."

"Aache anikule."

Idrissa akamushika muzee kanzu. "Tufanye nini, muzee?"

"Tumusalie mutoto, sala ya mwenye hayuko. Akipata haki yake, huyu atakosa nguo ya kuvaa." Muzee akaweka chupa chini. "Lakini siwezi kumusalia muntu muzima. Nani alimuona amekufa?"

"Hakuna," mama akasema mbio. "Faraja iko muzima. Huyu jini anadanganya. Mama moja alimupokea mu boti. Uliza kaka yake."

Mayi mu baseni ikatulia kabisa, sawa vile nayo inasikiliza. Idrissa akaangalia mikono ya mama yake, ile nyama nyekundu yenye kutokeza. Akaona akinyamaza tena, mama atakufa hapa, anaosha.

"Hakukuwa mama," akasema. "Hakukuwa boti ingine, nilidanganya, ilikuwa sisi tu, boti imejaa na mayi inaruka, na ile bidon ya mawese yenye ulituachia ikapasuka, ikanimwangikia mikono yote, Faraja akateleza akaanguka inje, nami nikamushika, nilimushika, mama, alinikamata bidole tatu hivi na kale kamukono kake, akaniambia yaya mukono yako inateleza, na nikaona nikiinama kidogo tena naenda naye, nikaogopa, mama, miaka yote nilijiambia ni mafuta lakini haikuwa mafuta, mafuta ilikuwa, lakini haikuwa mafuta, mimi njo nilifungua mukono."

Mama Salima hakulia. Aliangalia mulango wa nyumba, kwenye robe ilikuwa imekunjwa ndani. Kisha akatoa mikono yake mu baseni, moja, na ingine, akaipangusa ku kitenge.

"Musalie," akamuambia muzee.

Yakubu akaita bazee wawili ba musikiti, wakasimama pale pale luvanda, Idrissa nyuma yao. Takbira ya kwanza, mu baseni kukaanza kulia. Ya pili, ikaita mama. Ya tatu, ikaita mama na sauti ya mwanaume mukubwa, na mama akajiziba masikio na ile mikono ya bidonda. Ya ine, mupira ikapasuka, tak! kutoka tundu mupaka tundu. Ndani ilikuwa nyeupe, kavu sawa unga wa muhogo. Hakuna tone la mafuta.

Mbele ya kwenda, Muzee Yakubu alimuvuta Idrissa pembeni. "Ukisikia tena kitu kinakushika bidole, fungua mukono. Unasikia? Si dada yako. Usishike."

Ijumaa patron aliona vipande mu mufuko wa muchele, hakupiga kelele. Akaonyesha mulango tu.

Mama hakusema na Idrissa juma muzima. Nsima, bugali ya Malawi, alimuwekea chini, hakumupa ku mukono. Ile robe ya miaka kumi na mbili akampa binti ya Mama Orpa. Picha ya Faraja akaitoa ku ukuta.

Siku ya nane tangu afukuzwe kazi, muchana, Idrissa alikuwa ku robine anaosha bidole tatu na sabuni. Anaosha, anaosha tena. Povu ilikuwa inatoka nyekundu. Mama akafika na bidon yake. Akasimama. Akamukamata mukono, mara ya kwanza tangu ile siku, akanusa.

"Anakushika?" akauliza pole, bantu ba mustari wasisikie.

"Ananishika, mama. Hata saa hii."

"Muzee alisema ufanye nini?"

"Nifungue mukono."

Mama Salima akaangalia ile mukono muda murefu. Kisha na bidole yake yenye bado ilikuwa na bidonda, akamukunja kidole kimoja, akamukunja cha pili, akamukunja cha tatu, akafunga ngumi ya mutoto wake sawa muntu anafunga kitu mu kitambaa.

"Usimuachie tena," akasema.

Akabeba bidon yake akaenda. Idrissa akabakia pale, mukono imefungwa, na mawese ikimutiririka mupaka ku kiwiko.