Kulipwa kwa Kutokuwepo

Jumamosi hiyo duka la matairi lilifurika hadi mlangoni. Madereva wa malori walisukumana mbele ya kaunta, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia, na mwanamke aliyesimama nyuma ya kaunta akawatuliza kwa jicho moja tu. Alivaa gauni la kijani lililomkaa kiunoni, kilemba chekundu na viatu vya raba, maana kuviringisha matairi ya lori hakutaki visigino. Duka lilikuwa lake. Watu walimwita Bosi, na hakuna aliyesema hivyo kwa utani.

Ndipo alipomwona mmoja aliyesimama pembeni bila kusukumana, shati jeupe limenyooka kama limetoka dukani.

"Na wewe, bwana, umepotea? Benki iko mtaa wa pili."

"Sijapotea. Nataka matairi mawili ya mbele, ya lori."

"Lori lako anaendesha nani?"

"Mimi mwenyewe. Wenzangu wananiita Pasi. Nikisafiri, pasi yangu naibeba kwenye kebini ya lori, karibu na jiko."

Duka zima likaangua kicheko. Bosi alijikaza, lakini tabasamu likamtoroka.

"Matairi yapo. Ila hapa hatupigi watu pasi."

"Basi nipe namba ya simu, siku nikijikunja nikuarifu."

Namba alipewa. Kabla ya magharibi alikuwa ameshapiga.

Mapenzi yao yakakulia kwenye simu. Pasi alipiga kutoka mipakani, kutoka kwenye mizani, kutoka kando ya barabara ambako malori yalipanga foleni mpaka mtu akachoka kuyatazama.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Napika sasa hivi. Njoo uonje chumvi."

"Umbali wote huo kwa chumvi?"

"Mwingine angekuja mbio."

Kila safari kampuni ilimpa posho ya chakula na malazi. Pasi alijipikia na kulala kwenye kebini, na kilichobaki kikawa ndiyo riziki yake. Posho ndiyo iliyonunua mashati, ndiyo iliyolipa kodi ya chumba, ndiyo iliyomletea Bosi manukato na kitambaa cha hariri. Mshahara wenyewe ulikuwa upo upo tu, mtu akiutaja anashusha sauti. Lakini nani angeuliza habari za mshahara, ilhali kila safari mfuko ulirudi umetuna?

Walipopata nyumba ndogo inayouzwa, yenye vyumba viwili na ua wa kutosha kuanika nguo, Pasi alisema, "Nikopeshwe mimi. Mke wangu hawezi kuingia kwenye nyumba ya kupanga."

"Mke wako nani?"

"Subiri tutoke benki nikutajie."

Benki hawakufika mbali. Karani alikuwa mpole, aliisoma hati ya mshahara, akairudisha mezani taratibu.

"Kaka, tunakopesha kwa kuangalia mshahara tu. Posho ni ya safari. Leo ipo, gari likisimama haipo."

Nje, kwenye ngazi za benki, Pasi alijaribu kucheka. Bosi hakucheka.

"Baba yangu aliendesha lori mpaka mgongo ukakataa," alisema. "Siku ya kustaafu, mafao yakapigiwa hesabu kwa mshahara tu. Zile posho zote, hazikuonekana popote. Leo dawa zake nanunua mimi."

"Mimi si baba yako."

"Hati zenu zinafanana kama mapacha."

Hilo lilimchoma. Pasi akatafuta neno la kumlainisha, akaokota baya kuliko yote.

"Ujue, kila siku ninayokaa mjini na wewe, posho inakatika. Na bado nakaa!"

Alitaka kumwonyesha jinsi anavyompenda. Ilimtoka kama ankara.

"Kumbe nina bei," Bosi alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu wake ulitisha. "Wewe unalipwa kwa kutokuwepo, Pasi. Basi nenda ukalipwe."

Akashuka ngazi, hakugeuka nyuma.

Wiki zikapita, simu kimya. Bosi aliuza matairi kama kawaida, akapatana bei kama kawaida, ila kila simu ilipolia mkono wake ulikuwa wa kwanza kufika.

"Simu yako inaumwa siku hizi?" baba yake aliuliza asubuhi moja, akichovya mkate kwenye chai.

"Imepumzika, baba."

"Na yule wa shati jeupe naye amepumzika?"

Bosi akamwongezea chai. Mzee akatafuna polepole.

"Nilipoacha barabara nikarudi nyumbani kabisa, mama yako alikuwa ameshazoea kuwa peke yake. Nilikuwa sijui hata chai yake anaweka sukari kiasi gani. Ndiyo kwanza tunaanza kujuana, akafariki."

"Mimi siogopi umaskini, baba," Bosi alisema, na neno lilimshangaza yeye mwenyewe lilipotoka. "Naogopa kusubiri kama alivyosubiri mama."

"Hilo umemwambia yeye, au umemwambia habari za mafao tu?"

Siku hiyo hiyo dereva mmoja alikuja kununua tairi. Bosi akauliza, kama mtu asiyejali, safari za Pasi ziko wapi.

"Safari gani, dada? Gari lake liko juu ya mawe. Giaboksi imekufa. Karibu mwezi sasa, yuko yadi ya kampuni."

Mwezi mzima, mji mmoja, na hakuja! Bosi alifunga duka mchana kweupe, kitu ambacho majirani hawakuwahi kukiona.

Yadi ilinuka dizeli na chuma cha moto. Madereva walikaa kwenye kivuli cha tela, wakibishana, na katikati yao alisimama Pasi, amekonda, shati limekunjamana, sauti ikiwa imara.

"Asiyetaka aendelee na posho yake, sijamlazimisha mtu! Mimi nimeomba sehemu ya posho yangu iingizwe kwenye mshahara, na tajiri mwenye malori amekubali." Kisha akamwona Bosi.

"Umejikunja," Bosi alisema, "na hukuniarifu."

Madereva wakasogea kusikiliza, bila aibu.

"Ningekuja na nini? Gari liliposimama, mshahara haukunifikisha hata katikati ya mwezi. Ulisema kweli, nikaona haya."

"Sikusema yote. Sikukuambia kwamba nakuhitaji nyumbani. Nilikuachia hesabu, ile ndiyo ilikuwa rahisi kusema."

Pasi akafuta mikono kwenye suruali, akasogea.

"Nimeomba na njia za karibu, za kwenda na kurudi. Mkononi nitashika kidogo, Bosi. Nyumba itachelewa. Manukato ndiyo basi."

"Manukato nilikuagiza mimi? Nina duka, nina mikono. Nyumba tutainunua wawili."

"Tutainunua?"

Badala ya kujibu, Bosi alitoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Baba, kuna mtu hapa anataka kuongea na wewe."

Pasi, aliyekuwa akibishana na yadi nzima, sasa akaanza kuinyoosha kola ya shati. Dereva mmoja akamsukuma kwa bega.

"Shikamoo, mzee," Pasi alisema.

"Marahaba. Sema, kijana, hii simu ya nani inakula salio?"

"Ya binti yako, mzee. Naomba kuja kujitambulisha. Nataka kumuoa."

Mahali fulani nyundo iligonga chuma, ikaacha.

"Utakuwa unalala wapi?" mzee aliuliza.

Pasi alimtazama Bosi, macho yake yamejaa machozi na kichwa chake kiko juu.

"Nyumbani, mzee."

"Basi njoo," sauti ya mzee ilisema, ikitetemeka kidogo. "Njoo, mwanangu. Na ukifika, muulize chai yake anaweka sukari kiasi gani."