Ndeshi na Kundi la Kwaya

Kila asubuhi Ndeshi alikata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe, akafagia uwanja, kisha akakaa kibarazani na simu. Alikuwa fundi wa kuoka mikate. Alisomea chuoni, akaajiriwa katika hoteli moja mjini Arusha. Msimu wa watalii ulipokwisha, hoteli ikapunguza wafanyakazi, naye akarudi nyumbani Sekei.

Kupunguzwa kazi si ajabu, wengi hupunguzwa. Kilichomfunga mdomo Ndeshi ni mkungu wa ndizi. Alipopata kazi ile, mama yake, Susana, alipeleka mkungu mkubwa kanisani kwa shukrani. Ukauzwa kwenye mnada baada ya ibada, kama ilivyo desturi, na usharika mzima ukapiga makofi. Sasa nani angewaambia watu wale kwamba kazi imekwisha? Mama alimkataza kabisa. Wakiuliza, aseme yuko likizo. Likizo gani hiyo isiyo na mwisho?

Basi Ndeshi akatafuta kazi kwa watu asiowajua. Kwenye makundi makubwa ya mtandaoni aliandika, "Natafuta kazi yoyote," akaweka na picha yake amevaa miwani ya jua. Hakuna aliyejibu, isipokuwa tapeli mmoja aliyetaka atumiwe hela ya fomu kwanza. Msimu mpya ulikuwa unakaribia. Hoteli zikishajaza nafasi, angesubiri tena mwaka mzima. Usingizi ulimpaa.

Jumamosi moja alikwenda kuazima chekeche la unga kwa jirani yao, Nice. Nice ni msimamizi wa wahudumu katika hoteli nyingine, na hushiriki kuchagua wafanyakazi wapya. Ndeshi akamweleza yote, hata habari ya mkungu. Nice alicheka kwanza, kisha akaomba kuiona simu.

"Mdogo wangu, ukiandika kazi yoyote, mimi nikupe kazi gani?" aliuliza. "Sema unachokiweza. Na hii miwani inaniambia nini kuhusu mikate?"

"Haikuambii kitu, dada."

"Haya. Kwaya yenu ya kanisani ina kundi la WhatsApp?"

Ndeshi akaitikia kwa kichwa. Kundi lilikuwepo. Walikuwamo madereva wa watalii, wapishi na wahasibu, na wote walidhani yuko likizo.

"Hao ndio wanaokujua," Nice alisema. "Wanajua unawahi mazoezi, wanajua huna mkono mrefu. Mwajiri huanza kuwauliza watu anaowaamini. Wewe unawaficha wanaoweza kukusemea, halafu unawaomba wasiokujua."

Akamwonya pia amkwepe yeyote anayedai hela ili ampe kazi, na asitume picha ya kitambulisho chake ovyo. Ndeshi akaenda nyumbani, akaoka. Alipiga picha ya mikate yake karibu na dirisha penye mwanga, na nyingine akiwa mwenyewe amevaa aproni safi. Akaandika jina lake, chuo alichosoma, mikate anayoiweza na namba ya simu. Bosi wake wa zamani alikubali kuulizwa habari zake.

Akabaki mama. Ndeshi alimsomea ujumbe jikoni. Ulianza hivi: "Wapendwa, kazi yangu ya hoteli ilikwisha." Susana aliinamisha kichwa. Aliona aibu, wala hakuificha.

"Watasema nilitoa shukrani bure."

"Watasema natafuta kazi, mama. Na ndivyo ilivyo."

Susana alikata kipande cha mkate, akakila taratibu mpaka kikaisha. Kisha akasema, "Tuma."

Hakuna aliyemcheka. Wengine walimpa pole, wengine wakausambaza ujumbe. Abdiel, mwimba besi ambaye huendesha watalii, aliuonyesha ujumbe huo kwa mpishi mkuu wa hoteli anakopeleka wageni. Mpishi akampigia simu bosi wa zamani, akaridhika, akamwita Ndeshi aoke mbele yake. Ndeshi akaoka. Alipata kazi kabla msimu haujaanza, safari hii kwa mkataba wa maandishi ambao aliusoma wote ndipo akatia sahihi.

Jumapili Susana alipeleka mkungu mwingine kanisani. Kabla mnada haujaanza aliomba kusema neno.

"Kazi ile ya kwanza ilikwisha, nikaficha," alisema. "Mkungu huu ni shukrani kwenu mliomsemea mwanangu."

Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa, mama mmoja hakupiga. Alikuwa mama yake Oscar, kijana ambaye naye ilisemekana yuko likizo, na alisimama polepole.

"Hata Oscar wangu hayuko likizo," alisema. "Yuko nyumbani tu. Ni fundi umeme."

Watu walipokuwa wakitawanyika na ndizi zao, Ndeshi na Oscar walikaa kwenye ngazi za kanisa, wakitafuta katika simu picha inayofaa. Oscar naye alikuwa na ya miwani ya jua. Waliifuta.