Kopo Kando ya Birika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yasmina alipita uani kwao Gisenyi kutazama kopo lake, na kila asubuhi alirudi amenuna. Leo tawi alilopanda lilikuwa limeanguka kabisa, shina jeusi na laini kama ndizi iliyooza. Hili lilikuwa la pili.

"Ni Latif!" alifoka. "Ameligusa tena!"

"Mi?" kaka yake alishangaa, kikombe cha chai mkononi. "Kila siku Latif, Latif! Nimechoka, bwana!"

Mama yao, Saidati, alisimamisha cherehani. Mmea ule wa majani yenye mabaka meupe aliachiwa na marehemu mama yake, ukakaa sebuleni miaka mingi, hadi mbuzi wa jirani alipoingia akautafuna. Yalisalia matawi matatu tu. Kwa kuwa alielemewa na sare za kushona, Mama alimkabidhi Yasmina kazi ya kuyapanda moja moja. Alimwonya amwagilie kidogo tu, tena baada ya kugusa udongo kwa kidole na kuukuta mkavu.

"Sasa imebaki moja," alisema Mama. "Hiyo ikikufa, ya mama yangu imeisha. Unasikia?"

Akatoka uani, akachomeka kidole koponi. Kikatoka na tope.

"Yasmina! Hapa iko mayi ya kupanda mupunga! Nani anamwaga?"

"Watu wote," alijibu Latif. "Kopo iko pembeni ya birika. Kila mutu akimaliza kutawadha, mayi yenye imebaki anamwaga humo. Hata mi. Tulizania tunamusaidia Yasmina."

Watu sita wa nyumba nzima, mara tano kwa siku! Mama alishika kiuno. "Na nani aliiweka hapo?"

Yasmina alitamani kusema hajui. Lakini Latif alikuwa akimtazama, naye alikuwa amemsingizia siku zote hizo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Ni mi, Mama. Nilitaka wao wamwagilie, nisijisumbue. Latif, nisamehe."

Mama alivuta pumzi ndefu. "Bon. Lete kisu. Na usiguse makasi yangu ya kitambaa!"

Walichukua tawi la mwisho lililobaki sebuleni, wakalikata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, na kuondoa majani ya chini. Walitoboa kopo kitakoni kwa msumari, wakachanganya udongo na mchanga mweusi wenye chenga, wakapanda tawi, kisha wakaliweka kopo ndani ya nyumba, karibu na dirisha lisilopigwa na jua kali.

Tangu hapo Yasmina aligusa udongo kila jioni. Mara nyingi aliukuta bado una unyevu, akatamani kumwaga tu, akajizuia huku akinung'unika. Wiki ya tano jani jipya lilichomoza. Mama alilivuta tawi taratibu, likagoma kutoka.

"Imeshika," alisema, machozi yakimlengalenga. "Sikia, mwanangu. Kazi yenye umepewa, uifanye mwenyewe. Na ukikosea, sema mapema, usimubebeshe mwenzako. Ungesema tangu ya kwanza, leo tungekuwa nazo mbili."