Sili Iliyochanika

Kila Jumamosi asubuhi Kaindi alifua sare yake ya shule, akanywa chai, kisha akaenda kwenye gereji ya Fundi Mabruki, katika kichochoro kilicho nyuma ya River Road. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alipenda vyuma kuliko wenzake walivyopenda simu.

Jumamosi hiyo pikipiki iliyofunguliwa ilikuwa ya baba yake, Muli, mwendeshaji wa bodaboda kule Kileleshwa. Kwa wiki mbili injini ilikuwa ikinguruma kama inayosaga kokoto. Fundi alikuwa amekwisha kubadilisha beringi za shafti inayozungusha cheni. Ilibaki sili tu, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isivuje.

"Ipachike wewe," Fundi alisema akienda kutawadha. "Weka soketi juu yake, ugonge polepole. Bisibisi usiiguse, mwanangu."

Soketi, kile kichwa cha spana cha duara, ilikuwa mbali, bisibisi ilikuwa karibu, na Kaindi aliona uvivu kuinuka. Alisukuma mara moja tu, na mpira ukachanika.

Angemwambia nini Fundi, ambaye Jumamosi iliyopita tu alikuwa amemsifu mbele ya watu? Aliiokota sili ya zamani, akaiosha kwa petroli hadi ikang'aa, akaipachika. Ile iliyochanika aliitupa kwenye karai la vyuma vilivyochakaa.

Fundi Mabruki alikuwa na desturi yake. Mwenye pikipiki hakuondoka bila vyuma vyake vya zamani, vimefungwa gazetini, ajionee mwenyewe kilichotolewa. Siku zote alivikagua kimoja kimoja kabla ya kuvifunga. Siku hiyo wateja walikuwa wengi, naye akafunga bila kuangalia.

Muli alifika akiwa na Mwau, mdogo wake Kaindi wa miaka sita.

"Sasa, Fundi. Imepona?"

"Imepona. Beringi mpya, sili mpya."

"Poa. Wacha nipeleke huyu kwa mamake Lavington kabla mvua inyeshe."

Kaindi aliinama akajifanya anapanga spana. Mwau alimpungia mkono, kofia ya pikipiki ikimfunika hadi machoni, na wakaondoka.

Pale pikipiki iliposimama palikuwa na matone mawili ya oili. Kaindi aliyatazama. Oili hiyo ingerushwa na cheni hadi kwenye gurudumu la nyuma, nalo lingeteleza. Aliufikiria mteremko wa Kileleshwa unaoshuka mtoni, na mikono midogo ya Mwau iliyomshika baba kiunoni.

"Fundi," alisema, "nimeweka sili ya zamani. Ile mpya niliichana."

Fundi hakumgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Alichukua simu akapiga. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikaita hadi ikakatika. Kaindi alitamani agombezwe, aadhibiwe, lolote lile, mradi baba apokee.

Mara ya tatu, Muli alijibu. "Fundi, simu imelia mpaka nikaogopa. Nimesimama hapa juu ya mteremko. Kuna nini?"

"Usiteremke. Tazama gurudumu la nyuma."

Wakamsikia akishuka kwenye pikipiki. "Limejaa oili, Fundi."

Fundi alichukua sili mpya na soketi, yeye na Kaindi wakapanda bodaboda nyingine. Walipowafikia, Kaindi alimkumbatia Mwau akalia mbele ya wapita njia bila kujali.

"Kwa nini hukuniambia tukiwa pale?" Muli aliuliza.

"Niliogopa, Baba."

Fundi alimkabidhi soketi. Kaindi alipiga magoti, akatoa ile ya zamani, akagongea sili mpya polepole hadi ikakaa. Muli alipangusa gurudumu kwa petroli na kitambaa, kisha akawasha injini. Wote walisubiri wakitazama chini. Lami ilibaki kavu.

Ndipo Fundi alipochukua lile furushi la gazeti alilompa Muli, akalifungua, akatoa sili iliyochanika, akaiweka kiganjani mwa Kaindi.

"Mimi pia nina kosa, nilifunga bila kukagua," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ukiharibu kitu, niambie papo hapo, hata kama nitanuna siku nzima. Sili zimejaa dukani. Mwau tunaye mmoja tu."